Mapenzi, Mvinyo, Maumbile na Mauti: Kusoma Tungo za Hisia katika Madarasa ya Eastlands

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, makala haya yanahusu mambo manne yaliyowashughulisha washairi tangu jadi: mapenzi, mvinyo, maumbile na mauti. Katika Uingereza ya karne ya 18 mambo haya yalitungiwa mashairi mafupi ya hisia, mengine ya kuimbwa katika karamu, mengine ya kusomwa faraghani. Huku kwetu, katika karne iyo hiyo na ile iliyofuata, washairi wa Pate na Mombasa waliyashughulikia pia, kila mmoja kwa njia yake. Nia yangu ni kuonyesha kwamba tungo za aina hii huharibika mikononi mwa msomaji anayeziendea akitafuta onyo tu. Wanafunzi wetu wengi, wakiwemo wa shule za mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, tumewazoesha kuziendea hivyo.

Tazama hali ilivyo. Mtahiniwa akiulizwa dhamira ya mshairi, hujibu bila kusita kwamba mshairi anaonya, anashauri au anatahadharisha. Shairi lina pombe? Anaonya dhidi ya ulevi. Lina mwanamke mrembo? Anaonya vijana wajihadhari. Lina kaburi? Anatukumbusha tutende mema. Mara nyingine jibu hilo huwa sahihi, na ndiyo sababu limeota mizizi. Lakini linapokuwa kosa, haliishii kwenye dhamira. Toni nayo hukosewa, nafsineni hukosewa, na swali zima la alama 20 huyumba kwa sababu ya hatua ya kwanza iliyopotoka.

Mauti: Pate na Uingereza

Tuanze na utungo unaojulikana zaidi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliibuka katika mazingira ya Pate, dola iliyokuwa na fahari kubwa kabla ya kuanguka. Mshairi huusemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya mabwana waliopita: kumbi zilizojaa watu na taa sasa zina popo na utando wa buibui. Kisha anauliza walikokwenda wenyewe. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani 10. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorejea ubeti baada ya ubeti, kama mlango unaogongwa kwa mkono uleule.

Linganisha na Mwingereza Thomas Gray, aliyechapisha mwaka wa 1751 ombolezo mashuhuri kuhusu makaburi ya kijijini. Naye alitumia beti za mistari minne, na kila mstari una silabi kumi. Vina vyake hupishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Wawili hawa hawakusomana, na hatuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwathiri mwenzake. Kinachotufaa ni tofauti yao. Sayyid Abdalla anatazama nyumba za wakubwa na kuuliza fahari yao imekwenda wapi. Gray anatazama makaburi ya wakulima wasiojulikana na kuuliza wangekuwa nani kama wangalipata nafasi ya elimu na ya kutawala. Mmoja analia kwa kilichokuwepo kikatoweka. Mwingine analia kwa ambacho hakikupata kuwepo kabisa.

Mtahiniwa anayejibu kwamba "washairi wote wawili wanatukumbusha kuwa kuna kifo" hajasema uongo, ila hajasema lolote. Kifo ni maudhui. Swali la mtahini ni: mshairi anakitazama kifo kutoka upande gani, naye anamlilia nani?

Angalia pia kazi ya maumbile katika tungo hizi mbili. Kwa Gray, jioni inaingia na ng'ombe wanarejea, na ulimwengu unatulia pamoja na mshairi. Katika Al-Inkishafi, maumbile hayamtulizi mtu. Popo na wadudu ni warithi wapya wa nyumba. Kwa hiyo, mwalimu, ukitaja "taswira ya maumbile" ubaoni, usiishie hapo. Uliza darasa: je, maumbile haya ni rafiki wa nafsineni, adui yake, au shahidi asiyejali?

Mapenzi: Muyaka na aibu zetu

Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776–1840) ndiye aliyelipa shairi la mishororo minne uwezo wa kuzungumzia mambo ya kila siku mjini. Alitunga kuhusu siasa za Mazrui, njaa na shibe, pesa, vituko vya majirani, na mapenzi. Tungo zake zilihifadhiwa kwa kumbukumbu za wazee wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzifafanua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens alizichapisha mwaka wa 1940, na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatuletea utafiti wake mpana mwaka wa 1979. Kabla yake zipo tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liongo, ambazo ndani yake uzuri wa mwanamke unasifiwa bila kuomba radhi.

Ilhali wapo walimu wanaoruka mashairi ya mapenzi. Husema kwamba wanafunzi wa Kidato cha Tatu watacheka, au wataharibika. Kuhusu kicheko, sina ubishi. Kuhusu kuharibika, nakualika upande matatu ya Barabara ya Jogoo asubuhi yoyote usikilize nyimbo wanazozisikia wanafunzi hao kabla ya kipindi cha kwanza. Baada ya safari hiyo, Muyaka ataonekana mpole. Mwanafunzi anayajua maneno ya mapenzi tayari. Asichokijua ni jinsi mshairi anavyoweza kulisema pendo kwa kulificha, kwa kutumia chombo, bahari, pepo za kaskazi na kusi, au tunda lililo juu ya mti. Jazanda hizo ndizo zinazotahiniwa. Tukiziruka kwa haya, tumemnyima silaha na kumpeleka vitani.

Lipo jambo jingine. Shairi la mapenzi humfunza mtahiniwa kutofautisha mshairi na nafsineni haraka kuliko shairi lolote. Mwanamume anaweza kutunga kwa sauti ya mke aliyeachwa. Mzee anaweza kutunga kwa sauti ya kijana. Anayeandika "Muyaka alikuwa na huzuni" pale ambapo anayenena ni mhusika aliyebuniwa, amechanganya mtu na kinyago.

Mvinyo: onyo, utani au fumbo?

Neno lenyewe mvinyo tuliachiwa na Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka wa 1593. Tembo la mnazi lilikuwapo kabla yao. Hata hivyo, ushairi wetu wa kale ulikulia katika miji ya Kiislamu, na si ajabu kwamba sifa za kinywaji hazikutamalaki humo kama zilivyotamalaki katika nyimbo za karamu za Waingereza. Je, hii ina maana kwamba Kiswahili hakina shairi la mvinyo lisilo la kukaripia?

Jibu limo mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayemshuku. Shaaban Robert (1909–1962), Mwislamu mcha Mungu na mwalimu wa adili kuliko washairi wetu wengi, alizitafsiri rubai za Mwajemi Omar Khayyam kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1859. Humo mambo yetu manne yameketi jamvi moja: mpenzi, kikombe, bustani na kaburi. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu kama mvinyo wa Khayyam ni kinywaji halisi au ni fumbo la kumpenda Mungu. Shaaban Robert hakuona kwamba ubishi huo ni sababu ya kukitupa kitabu. Aliona kwamba mtu anayejua atakufa anaweza kusema "ngoja kwanza ninywe," na kwamba kauli hiyo inastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Huyu ndiye mtu yuleyule aliyemlilia mkewe Amina kwa shairi. Alijua kwamba furaha na kilio ni majirani.

Msimamo wangu basi ni huu: mvinyo katika shairi una kazi tatu zinazowezekana. Unaweza kuwa uovu unaokemewa, unaweza kuwa furaha inayosherehekewa, au unaweza kuwa ishara ya kitu kingine. Mtahiniwa achague kwa ushahidi wa maneno yaliyomo, wala asichague kwa desturi.

Tukiwa Eastlands

Baadhi ya wanafunzi wetu huona kwamba haya yote ni mambo ya Pwani. Waambie wasome majina ya mitaa wanamoishi. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952, mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Ofafa, katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, ni Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka wa 1953. Maelfu ya watu hutaja majina ya marehemu hawa kila siku wakilipa nauli, na wachache huuliza walikuwa nani. Jina Mbotela utalikuta pia juu ya Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichochapishwa mwaka wa 1934. Nacho kijiji cha kale cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Swali la Sayyid Abdalla kuhusu walikokwenda wenye nyumba linaweza kuulizwa hapa bila kupanda basi la Lamu. Na swali la Gray, kuhusu vipawa vinavyozikwa bila kuonekana, linauma zaidi katika mitaa yetu kuliko linavyouma vitabuni.

Ili tuyaone mambo manne pamoja, nimetunga ubeti ufuatao mahususi kwa zoezi hili:

Nyumba ya babu ni ile, bati limeshachakaa,
Alipanda mti ule, kivulini tukakaa,
Alicheka kwa kelele, akimimina chang'aa,
Leo mti uko vile, mwenyewe katuhadaa.

Umbo halina utata. Ni tarbia, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na mizani nane kwa nane. Kina cha ukwapi ni "le" na cha utao ni "a". Neno "katuhadaa" limefupishwa kutoka "ametuhadaa", nayo ni inksari, iliyoleta urari wa mizani. Hadi hapo kila mtahiniwa aliyefunzwa vizuri atapata alama zake.

Sasa tuje kwa dhamira. Chang'aa ipo. Anayetafuta onyo ataandika: "Mshairi anaonya kwamba pombe haramu huua." Muulize ushahidi uko wapi. Hakuna mahali paliposemwa kwamba chang'aa ilimuua babu. Imewekwa katika mshororo mmoja na kicheko. Ni sehemu ya taswira ya mtu aliyependwa. Mapenzi hayakutajwa pia, lakini yamo katika "tukakaa": wajukuu walikusanyika kwenye kivuli chake. Kifo hakikutajwa kabisa. Kimefunikwa kwa tasfida, "katuhadaa", kana kwamba babu amefanya mzaha wake wa mwisho. Maumbile nayo yanaleta kinaya: mti ulionekana dhaifu ulipopandwa, na ndio uliobaki. Kwa hiyo nafsineni ni mjukuu, toni ni ya huzuni iliyovikwa ucheshi, na dhamira ni kuomboleza mtu jinsi alivyokuwa, pamoja na kikombe chake.

Mwalimu anaweza kupinga hapa kwamba chang'aa imewaliza wengi Eastlands, na kwamba haifai kuiacha ipite bila kukemewa. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini kukemea ni kazi ya mwalimu akiwa mlezi, na kusoma ni kazi yake akiwa mhakiki. Huenda darasani yumo mwanafunzi aliyempoteza babu wa namna hii. Tukimwambia kwamba ubeti huu ni onyo tu, tumemfunza kwamba huzuni yake haina nafasi katika fasihi. Mwanafunzi akishaamini hivyo, hataacha kupoteza alama tu. Ataliacha shairi lenyewe.

Hatua kwa mtahiniwa

Kwanza, lisome shairi mara mbili kabla ya kutazama maswali. Pili, mtambue anayenena na anayenenewa. Tatu, kwa kila kitu kinachotajwa (mti, kikombe, chombo, nyumba) jiulize kimewekwa karibu na hisia gani. Nne, tafuta kile ambacho mshairi amekataa kukitaja kwa jina. Tano, ndipo uandike dhamira, na uitetee kwa neno au mshororo ulioko mbele yako. Ukiona umeandika "anaonya", rudi ukatafute kitenzi cha kuamuru, kukanya au kusihi. Usipokipata, wala mshororo unaolaumu, futa.

Maswali ya mazoezi

1. Ukirejelea ubeti uliotolewa, jadili jinsi maumbile yalivyotumiwa kujenga kinaya. (alama 4)
2. Eleza toni ya nafsineni, na uonyeshe mabadiliko yake kutoka mshororo wa kwanza hadi wa nne. (alama 4)
3. "Kileo katika shairi hakina maana moja." Thibitisha kwa kutumia ubeti huu. (alama 6)
4. Andika ubeti huu kwa lugha ya nathari bila kulitaja neno kifo. (alama 4)
5. Tunga ubeti wa pili unaoendeleza vina na mizani, nafsineni akiwa ule mti. (alama 2)

Swali la tano lina alama chache, lakini naomba, mwalimu, usiliruke. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha nani darasani ameacha kuhesabu mizani peke yake na ameanza kusikia sauti.