Kipanuzi: Neno Moja kwa Kazi Nne

Rasimu ya istilahi za ufundi wa chuma niliyoletewa niipitie yastahili sifa kwa mengi. Lakini kwa zana zitumiwazo kukuza tundu lililokwisha kutobolewa, imetosheka na neno moja tu: kipanuzi. Umbo lake halina kosa. Kosa limo katika maana.

Kazi hizo si moja. Fundi atakaye tundu la milimita 10 barabara hutoboa kwanza kwa keekee ya milimita 9.8, kisha hupitisha rima, yenye makali mengi, iondoe ile 0.2 iliyosalia na kulainisha kuta. Rima hufuata njia ya tundu. Likiwa limetobolewa kombo, litabaki kombo. Atakaye kulinyosha hutumia fimbo ya kuzulia, yenye ncha moja ya kukata. Kwa fimbo ya namna hiyo, iliyoshikwa pande zote mbili, John Wilkinson alitengeneza mwaka 1775 mashine ya kuchonga silinda zilizoifaa injini ya mvuke ya James Watt. Zana ya tatu hupanua kinywa tu, kiwe kama faneli, ili kichwa cha skrubu kilale sawa na bamba. Ya nne hukata kikao bapa cha kichwa cha bolti. Je, mwanafunzi aambiwaye alete kipanuzi, ataleta kipi? Na chuma kikikwisha kukatwa hakirudi.

Wazee wetu hawakuridhika na ujumla huo. Keekee ya uta ilikuwa na kisu, msukano na jivu, kila sehemu na jina lake. Nao walitenga kupekecha, kutoboa, kuzua na kukereza.

Wapo watakaolikataa neno rima kwa kuwa lugha inalo tayari, kwa maana ya shimo la kutegea wanyama. Hoja hiyo haina nguvu. Shimo ni rima hili, wingi wake marima haya. Zana ni rima hii, na nyingi ni rima hizi. Upatanisho wa kisarufi watosha kuyatenga.

Basi napendekeza rima kwa zana ya kwanza, fimbo ya kuzulia kwa ya pili, kipanua-kinywa kwa ya tatu, na kichonga-kikao kwa ya nne. Kipanuzi nalo lisitupwe. Ila liwe jina la ukoo mzima, wala si la mtoto mmoja.