Kifuniko cha Pikapu Huanzia Kwenye Gunia

Gunia la alizeti na gunia la mahindi yanaweza kulingana kimo na unene, lakini mpakiaji wa Kiomboi au Ikungi hahitaji mzani kujua lipi litamwelemea bega. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina kilo 720 hivi. Ya alizeti huzunguka kilo 400. Pengo hilo, ninavyoona mimi, ndilo linalopaswa kumchagulia mtu kifuniko cha pikapu mkoani Singida, kabla hajaanza kulinganisha rangi ya kanopi na rangi ya gari lake. Mabishano ya gereji huanzia kwenye kifuniko chenyewe: chuma ni imara, faiba inapendeza, turubai ni la bei ndogo. Huko ni kuanza hesabu kwa jibu. Kila kifuniko kina uzito wake, kinabadilisha nafasi ya mzigo na kinabadilisha njia ya hewa, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa jema au baya mpaka ijulikane gari linabeba nini.

Tuchukue pikapu ya kebini mbili ya ukubwa wa Toyota Hilux. Bodi lake ni kama mita 1.5 kwa mita 1.5, na kina chake ni sentimita 48 hivi. Ukitoa sehemu inayoliwa na matao ya magurudumu, unabaki na takriban mita moja ya ujazo. Uwezo wa kubeba ni kama tani moja, ila tani hiyo inahesabu na watu; dereva na msaidizi wake wakishapanda na vikorokoro vyao, mzigo unaobaki ni kilo 850. Sasa funga kifuniko bapa, kile kinacholala juu ya kingo za bodi na kutiwa ufunguo. Chini yake mahindi yatafika kilo 720, na gari limekaribia kushiba. Alizeti itaishia kilo 400, magunia yameshagota juu. Zaidi ya nusu ya nguvu ya springi inasafiri bure kutoka Nduguti hadi Singida mjini, kwa dizeli karibu ile ile. Inua paa sentimita 50 juu ya kingo, na mambo yanabadilika: umeongeza mita 1.1 za ujazo, yaani kilo 450 za alizeti, na jumla inasimama kwenye 850 kamili. Hakuna aliyeipanga hesabu hiyo itokee hivyo, lakini nusu mita ndicho kimo ambacho alizeti inajaza nafasi na uzito kwa pamoja. Mapengo kati ya magunia yatapunguza kidogo, na kupungua huko ni upande wa usalama. Kwa mahindi kimo hicho hicho ni mtego, maana ukijaza mpaka juu umepita tani moja na nusu. (Lumbesa tumezoea kuijadili kwa vitunguu na viazi, ilhali pikapu yenyewe inaweza kufanywa lumbesa.)

Basi tunahitaji paa lililoinuka. La nini? Kanopi ya bati la chuma la milimita 1.5, kwa vipimo hivyo, ina mita za mraba tano na robo za bati, ambazo ni kilo 62. Fremu ya mabomba ya mraba inaongeza kilo 22 hivi, na ukiweka bawaba, makomeo na kioo unafika 90. Huo ni uzito wa zaidi ya gunia moja na nusu la alizeti, unaolipiwa nauli kila safari, iwe mzigo upo au haupo. Alumini na faiba hupunguza adhabu hiyo bila kuifuta. Turubai la PVC lenye gramu 650 kwa mita ya mraba, likitandazwa juu ya matao manne ya bomba la inchi moja na viunganishi vyake, halifiki kilo 20 pamoja na matao yake. Lakini kilo hizo sabini si hoja yangu kubwa. Kubwa ni kwamba matao yanang’oka. Alizeti ya Singida huvunwa mvua zikiisha, Mei na Juni, na wakati huo hakuna mvua ya kuikinga; pikapu inayotoka kijijini ingeweza hata kwenda wazi kwa kamba. Inaporudi ndipo inapohitaji paa, imebeba sukari, unga wa ngano, sabuni na saruji za duka la kijiji, na ikifika Desemba saruji hizo hazivumilii hata rasharasha. Gari moja lina kazi mbili zinazopishana. Kanopi iliyofungwa kwa bolti inajua moja tu, na siku ya kubeba mlango, kitanda au ndama inageuka kikwazo kinachohitaji wanaume wanne kukishusha.

Wanaoitetea kanopi watasema vumbi. Ukitoka lami ya Manyoni kwenda Mwanza na kuingia barabara za changarawe, vumbi jekundu hupenya kila kitu, na turubai halina mlango wa kulizuia. Hoja hii inaonekana nzito mpaka uangalie vumbi linaingilia wapi. Gari linapokwenda linaipasua hewa mbele na kuacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, na hewa iliyojaa vumbi la matairi hurudi kuijaza. Sehemu hiyo iko mgongoni mwa mlango wa nyuma. Mlango wa pikapu umetengenezwa kuzuia magunia yasidondoke, haukutengenezwa kuzuia hewa: chini kwenye bawaba pana upenyo wa kupitisha kidole, na pembeni vilevile. Kanopi iliyozibwa vizuri juu na kuachwa wazi pale chini huvuta vumbi kama kinywa kinavyovuta uji. Ndiyo maana mwenye kanopi hushangaa kukuta masanduku ya nyuma mekundu na ya mbele masafi. Dawa ni raba kuzunguka mlango mzima, ikiwemo ile sehemu ya bawaba ambayo mafundi wengi huiruka, kisha tundu dogo la hewa juu mbele, lililoelekea gari linakokwenda na kufungwa chujio. Hewa ikiingia kwa nguvu hapo, mgandamizo wa ndani unazidi wa nje, na vumbi linakosa pa kupita. Watengenezaji wa Australia na Afrika Kusini huuza matundu ya namna hiyo yakiwa tayari. Lakini raba ile ile na tundu lile lile vinafanya kazi chini ya turubai lililobana. Siyo kwa ukamilifu ule, nakubali. Kwa magunia na katoni za sabuni inatosha.

Uvutaji huo wa nyuma una jambo jingine ambalo sitaki lipite kama tanbihi. Bomba la moshi nalo linatokea huko huko. Hewa inayorudi kujaza pengo hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa kina uwezo wa kuikusanya. Kanopi hufanana na chumba cha abiria, na kwa kufanana huko huwaalika watu kukaa ndani wakati wa mvua. Haina mikanda, faiba yake haizuii kitu gari likipinduka, na hewa yake inaweza kuua mtu aliyelala. Turubai halina ushawishi huo, angalau si kwa kiasi hicho.

Hewa ndiyo inayoamua pia kwa mizigo miwili ambayo Singida inajulikana nayo. Kitunguu kinapumua baada ya kung’olewa. Kinatoa joto na unyevu, na vitunguu vikibanwa bila upepo vinaanza kulowa shingoni kabla havijafika soko la Misuna. Kuku wa kienyeji ni mgumu zaidi. Hana jasho, anapoza mwili kwa kutweta, na kutweta kunahitaji hewa inayopita. Kuku kwenye matenga ndani ya boksi la chuma lililosimama juani saa saba mchana wamewekwa kwenye tanuri. Kwa wote wawili kinachotakiwa ni kivuli juu na pande zilizokunjwa, na sijaona kanopi ngumu inayotoa hivyo bila kugharimu mara kadhaa ya matao na turubai. Zile zenye madirisha ya kufunguka pembeni hukaribia, ila madirisha yake ni madogo kwa tenga la chini.

Upepo ni pingamizi zito kuliko vumbi. Mkoa huu ni wa upepo. Haikuwa bahati nasibu kwamba mipango ya umeme wa upepo imeutazama kwa miaka mingi. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Katika mwinuko wa Singida mjini, mita 1,500 hivi, gari la kilomita 80 kwa saa linakutana na mgandamizo wa kama kilo 26 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 30 ukija usoni, inakuwa karibu 50. Hata hivyo paa la nusu mita juu ya kingo linakaribia usawa wa paa la kebini, kwa hiyo kebini inalikinga dhidi ya kusukumwa. Kinachochana turubai ni kunyonywa juu na kupigwapigwa pembeni, na hilo hutokana na ulegevu. Lifungwe kwa kamba inayopita kila sentimita 30, matundu yake yawe na pete za chuma, na tao la kwanza likae sambamba na mgongo wa kebini. Mikunjo ipishane ikitazama nyuma, kama mabati ya paa la nyumba, ili mvua ya mbele iteleze. Lile turubai jepesi la plastiki ya bluu tuliache kabisa; jua linalila msimu mmoja. Matao nayo yachomekwe au yafungwe kwa bolti. Ukiyachomelea kwenye bati jembamba la bodi, barabara iliyojikunja kama bati italitikisa ungio la chomeo mpaka lipasuke, na kutu itamalizia.

Umebaki wizi, na hapa turubai linashindwa waziwazi, kwani wembe unatosha. Lakini tuulize mzigo gani unalala garini. Alizeti inashushwa kiwandani siku hiyo hiyo, na kuku hawalali barabarani kwa hiari ya mtu. Wanaolala na vitu nyuma ni wapimaji, mafundi na wahandisi: watu wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora inayopita Manyoni na Itigi, au wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga linaloukata mkoa huu. Kwao kanopi ngumu ndiyo sahihi, na kilo 90 hazina uchungu kwa mwenye kubeba vyombo vya kilo 200. Kosa ni mfanyabiashara wa mazao kuliiga gari la mradi. Yeye akiwa na jeki, mnyororo na pampu za kulinda, sanduku la chuma lenye kufuli, lililolala kukingama nyuma ya kebini, linamtosha.

Kifuniko bapa nilichokidharau kwa alizeti nacho kina mzigo wake. Ndoo ya asali ya lita 20 ina kilo 28, kwa sababu lita ya asali ni kama kilo 1.4, na kimo chake ni pungufu ya sentimita 48 za bodi. Bodi la kebini mbili linachukua ndoo 20 bila kuzipandanisha, kilo 560, nzito, zimelala chini, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Kwa mfuga nyuki wa Itigi au Manyoni sioni kinachokizidi, ila kwa joto. Bati jeusi juani hupika asali polepole, na kupikwa huko huongeza HMF, kemikali ambayo kanuni za kimataifa za chakula za Codex zinaiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Kifuniko hicho kipakwe rangi nyeupe, ndoo zifunikwe kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, na safari ianze alfajiri.