Msanii na Hadithi za Kwao: Fundisho la Kinjeketile

Wasanii wetu wengi huanza na hadithi walizosimuliwa utotoni na mabibi zao. Jambo hilo ni jema, lakini kuzipenda hadithi za kwetu hakutoshi. Swali ambalo kada hana budi kuuliza ni hili: msanii anazifanyia nini hadithi hizo, na kwa faida ya nani?

Tulichunguze swali hilo katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika mwambao wa kusini, sehemu iliyopigana Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Huko, habari za Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyeingia majini akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu, zilikuwa masimulizi ya wazee kabla hazijawa somo la historia.

Msanii anayeshika hadithi kama hiyo anakabiliwa na makosa mawili. La kwanza ni kuipamba: wahenga wote ni mashujaa, na mtazamaji anarudi nyumbani amefurahi bila ya kujifunza lolote. La pili ni kuitupa, kwa hoja kwamba ni ushirikina mtupu. Kosa hili la pili lilikuwa letu, na hatuna budi kujikosoa. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba watu wa kusini walidanganywa na mganga, basi. Siku moja mwanachuo mmoja wa huko alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, kwa hiyo babu zetu walikufa kwa ujinga?" Hatukuwa na jibu.

Jibu limo katika tamthilia hii. Hussein anaanza na njaa na kazi ya kulazimishwa katika shamba la pamba la Mjerumani. Kwa hiyo maji hayazuki hewani. Yanazuka katika dhiki ya watu waliogawanyika kwa makabila, wasio na neno la kuwaunganisha. Maji yakawa neno hilo. Lakini imani ile ile iliyowaunganisha ndiyo iliyowapeleka mbele ya bunduki bila ya kinga. Kinjeketile anashtuka anapotambua kwamba ahadi aliyoitangaza inawatoa kwa Mjerumani na kuwaweka chini ya Seyyid Said. Anataka kuwazuia, lakini neno si lake tena. Watu wamekwisha kulichukua. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwani kukiri kwake kungekuwa silaha ya mkoloni dhidi ya vizazi vijavyo.

Historia yasema Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hussein anamwacha hai mpaka aone kushindwa, na mwenyewe ameeleza kwamba huyu wake ni kiumbe cha sanaa. Mabadiliko hayo yana maana: kiongozi analazimika kusimama mbele ya matokeo ya neno lake.

Hata hivyo tunaona upungufu mmoja. Mzigo wa vita umewekwa mno katika kifua cha mtu mmoja. Wamatumbi wanakumbuka njwiywila, mnong'ono wa siri uliopita kijiji hadi kijiji na kuwaandaa watu. Hiyo ilikuwa kazi ya wakulima wenyewe, na katika tamthilia inaonekana kwa mbali tu.

Upungufu huo hauondoi fundisho. Kijana anayetaka kuandika mchezo au kuchonga kinyago kutokana na ngano za kwao na arudi kwanza kwa wazee, asikilize mpaka mwisho. Kisha aulize: watu walikuwa katika hali gani hata wakahitaji kuamini hivi? Imani hiyo iliwapa nini, na iliwanyima nini?

Mwanachuo yule tungemjibu leo: babu zenu hawakufa kwa ujinga. Walikuwa na umoja kabla ya kuwa na silaha. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliwafanya watu waliokuwa mbalimbali wasimame pamoja. Msanii asiyeweza kusema yote mawili bado hajaifahamu hadithi ya kwao.