Pongezi kwa Wapimaji wa Majani

Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanastahili heshima kubwa kuliko tunayowapa. Kazi yao ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili.

Ni kazi ya subira. Jani linalosifiwa kuponya vidonda kwanza hutambuliwa na mtaalamu wa mimea. Kisha hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye spiriti au maji, huchujwa, na kimiminika huvukizwa hadi libaki tope zito. Tope hilo hupambanishwa na bakteria kama Staphylococcus aureus, wanaofanya kidonda kitunge usaha. Uduvi wadogo wa maji chumvi hutumika kupima sumu.

Lakini kuua bakteria si kuponya. Kinachoua bakteria chaweza kuua ngozi pia. Ndiyo maana nakistaajabia kipimo kimoja cha fani hii: seli za ngozi huoteshwa kwenye kisahani hadi zikijaze, hukwaruzwa mstari katikati, kisha hutazamwa kwa darubini, saa baada ya saa, kama dawa inaziharakisha kuziba pengo. Mimea mingi yenye sifa hukwama hapo, na mtafiti mwaminifu huandika hivyo hivyo.

Wenye fedha za utafiti, wawezesheni watu hawa. Na dawa ikithibitika, mganga aliyeonyesha mti apate haki yake.