Pima Waya Kabla ya Kuagiza Sensa

Greda linalochonga barabara ya kwenda Banalia likianza kukosa nguvu na taa ya manjano ikawaka, fundi wa Kisangani ana hesabu ambayo mwenzake wa Nairobi hana. Sensa mpya itatoka Kinshasa kwa ndege, au itapanda lori Kampala na kupitia Kasindi na Beni kwenye Barabara ya Taifa namba 4, ambako mvua na hali ya usalama ndizo zinazopanga ratiba. Kwa mto, kutoka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700. Wakati huo wote greda limesimama porini na kazi imelala. Kwa hiyo hakuna kosa la ghali katika kazi hii kama kusoma namba ya hitilafu kwenye skrini na kuagiza papo hapo kifaa kilichotajwa.

Kompyuta ya injini haiioni sensa. Inachokiona ni volti zinazorudi kwenye waya, basi. Katika mfumo wa J1939, unaotumika kwenye mashine nyingi nzito, hitilafu huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza inataja kinachopimwa, ya pili inaeleza kasoro ni ya namna gani. 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji ya injini. Ikifuatwa na 3, volti zimezidi kiwango. Ikifuatwa na 4, zimepungua. Wengi huishika namba ya kwanza na kuisahau ya pili, wakati ya pili ndiyo inayoonyesha pa kuanzia.

Tuseme imetokea 110-4. Sensa ya joto ina nyaya mbili tu, na joto likipanda ukinzani wake hushuka: aina inayotumika sana huwa na ohm kama 2,000 kwenye nyuzi 25, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Washa swichi bila kupiga injini, kisha chomoa plagi ya sensa. Namba ikigeuka kuwa 110-3, waya na kompyuta ni vizima, maana kompyuta imetambua kwamba umekata njia. Shoti imo ndani ya sensa, na hapo unaweza kuagiza. Ikibaki 4, sensa haina kosa. Waya umechubuka mahali na kugusa chuma, au nyaya mbili zimegusana. Na kama tangu mwanzo ilikuwa 3, unganisha pini mbili za plagi hiyo kwa kipande cha waya: ikigeuka 4, njia yote ni nzima. Kuunganisha huko ni kwa sensa za nyaya mbili peke yake; usikufanye kwenye za presha.

Sensa za presha zina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni wa hasi, wa tatu unarudisha jibu, kwa kawaida kati ya volti 0.5 na 4.5. Sensa kadhaa hugawana volti 5 zilezile. Moja ikiingia maji na kupiga shoti, inaziangusha zote. Ndipo skrini inajaa: presha ya oili, ya mazuti, ya turbo, zote zimekosea kwa dakika moja, na mwenye mashine anaambiwa anunue sensa tatu. Sensa tatu hazifi kwa pamoja. Weka mita kwenye waya wa volti 5 wa plagi moja iliyochomolewa, kisha chomoa nyingine moja baada ya moja. Volti zitakaporudi karibu na 5, iliyochomolewa mwisho ndiyo mbaya. Zisiporudi hata baada ya kuzichomoa zote, fuata fungu la nyaya kwa mkono, hasa linapopita kwenye kona za vyuma.

Ipo pia saa ya alfajiri, ambayo haigharimu chochote. Mashine iliyolala usiku kucha imepoa yote sawa. Washa swichi tu usome: joto la maji, la hewa na la mazuti yakaribiane. Inayodai nyuzi 40 chini ya sifuri imekatika. Presha ya oili iwe sifuri, na ile ya hewa ya turbo ilingane na presha ya anga. Kisangani iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tarajia kilopaskali 96 au 97 hivi. Sensa inayosema 140 injini ikiwa imezimwa inadanganya.

Katika unyevu wa msitu wa Tshopo, plagi ndizo huharibika kwanza. Ukizifungua unakuta kutu ya kijani kwenye pini, mara nyingi baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha. Panya hula nyaya. Na wapo wanaochomelea bakuli la ekskaveta bila kuondoa nyaya za betri wala kuchomoa kompyuta, huku wakifunga hasi ya mashine ya kuchomelea mbali na mahali pa kazi. Mkondo ule hupita kwenye vifaa vyote.

Kuna jambo linaloniuma zaidi: kuweka kizuizi cha umeme mahali pa sensa ya joto ili kompyuta idhani maji ni baridi na kazi iendelee. Injini hiyo itachemka bila kumwonya mtu. Vivyo hivyo, hitilafu ya presha ya oili isipuuzwe kwa kudhani ni nyaya tu: funga geji ya mkono kwenye tundu la oili kwanza, uone presha halisi.

Ukishatengeneza, futa namba, kisha sukuma udongo kwa mzigo kamili mpaka injini ipate joto lake la kazi, ndipo usome upya. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu hupimika vizuri ukiwa baridi na umetulia. Hukatika greda linapotikisika.