Kusubu na Kuchakaza: Kuunda Mfano wa Mount Gelai

Garimoshi namba 5918, liitwalo Mount Gelai, lililosimama leo katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, ni mojawapo ya yale 34 ya daraja la 59 yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli yetu ya upana wa mita moja; na mwenye azma ya kuliunda upya kwa nisba ya 1 kwa 87, akianzia bamba tupu la plastiki, hupata kitu cha sentimita 36 hivi, ambacho hapana budi uzito wa tani 252 uonekane kwa macho hata kama mkononi haupo.

Kabla ya kushika kisu, na alisome umbo. Garimoshi hili lina injini mbili zilizogeuziana migongo, na boila imebebwa katikati yake. Kwa hiyo silinda ya kushoto ya mbele ni sawa na ya kulia ya nyuma, na fundi mwenye fahamu huchonga silinda mbili tu, kisha husubu kila moja mara mbili. Asili hizo zastahiki subira kubwa, kwani kalibu ya silikoni hunakili hata mkwaruzo wa msasa ambao jicho limeupita. Huizika asili nusu katika udongo wa kufinyangia, humimina silikoni, na ikisha kushikana huondoa udongo, hupaka nta na kumimina nusu ya pili, wala hasahau kuiachia hewa njia pale palipo juu kabisa, maana hewa iliyokosa pa kutokea huacha tundu mahali pa ribiti.

Lakini ni katika kuchakaza ndipo mafundi hodari wapoteapo, kwa kutapanya kutu kila mahali juu ya ile rangi ya damu ya mzee. Mashine hii ilichoma mafuta, si makaa: masizi hutanda juu ya boila, nyuma ya dohani, michirizi myeusi yenye kung'aa hushuka chini ya mfuniko wa tangi la mafuta, mvuke uliovuja huacha chokaa nyeupe, na vumbi jekundu la Tsavo hupanda kutoka chini, likafifia kadiri lipandavyo. Vumbi hilo lisagwe mno, kwani punje ya nusu milimita, kwa nisba hii, ni jiwe la sentimita nne na zaidi. Nyuso za magurudumu zinazogusa reli ziachwe ziking'aa, kwa kuwa chuma kisuguliwacho kila siku hakishiki kutu.

Kwa hiyo Mount Gelai ya makumbusho yatufaa kwa vipimo, wala haitufai kwa madoa, maana imesafishwa na kupakwa rangi. Madoa na yatafutwe katika picha zilizopigwa wakati magarimoshi haya yalipokuwa yakipanda na mizigo kutoka Mombasa.