Sato Asiye na Jina

Kwa mama lishe nilikokula jioni ile Magu, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ubao uliandikwa: ugali samaki, wali nyama, chipsi mayai. Niliagiza ugali samaki.

Akaja sato mzima wa kuchoma, amechanjwa ubavuni, ngozi kavu, nyama ndani bado laini. Ndimu ilimtosha. Ugali ulikuwa wa moto. Chumvi ilizidi kidogo na kachumbari ilijaa maji, lakini nilirudia kunawa nikiwa nimebakiza miiba tu.

Kilichonisumbua ni ubao. Mapema mwaka huu wenzangu wa chuo walinipeleka mgahawa wa Kituruki Dar es Salaam. Nikala mshikaki wa nyama iliyosagwa uitwao Adana, jina la mji wa Uturuki, nikalipa bila kunung'unika. Wali wao, pilav, ni ndugu wa pilau yetu. Majina yote mawili asili yake ni Uajemi. Hata huo niliusifia kama kitu kigeni. Magu, sato wa Ghuba ya Speke ni "samaki" tu, na michembe ya karanga niliyokulia haijaandikwa kabisa.

Nilimuuliza mama mwenye mgahawa kwa nini haipiki.

"Mwanangu, michembe si mnakula nyumbani? Nani atailipia?"

Nikainamia sahani. Huwa nasema kwetu tuna chakula kizuri, na michembe sijawahi kuilipia hata mara moja.